Sura ya Nne: Tumaini Lilikuwa Jina la Mtu

Magazeti ya siku hizi huandika kwamba vijana "wamepoteza matumaini". Hayo ni maneno ya semina. Hapa Musoma, kwenye mwalo wa Mwigobero au kijiwe cha bodaboda pale Nyasho, aliyechoshwa na maisha husema amekata tamaa, na tofauti ya semi hizo mbili ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kinachopotea kimedondoka bila mwenyewe kujua, hivyo hakuna wa kuulizwa. Kinachokatwa kilikuwa kimefungwa mahali, na kuna mkono ulioshika kisu. Neno tamaa lenyewe lina nyuso mbili: ndilo tunalomsutia mlafi, na ndilo linalotufanya tumhurumie yule ambaye yake imekatika. Matumaini, kwa upande wao, huwekwa. Mzazi huweka matumaini kwa mtoto kama anavyoweka akiba, na mtoto aghalabu haulizwi kama yuko tayari kutunziwa ndani yake mali ya ukoo mzima. Wazee huweka, kijana hukata. Ninachodai katika sura hii ni kwamba hadithi za giza za kukua, iwe ya Mjapani au za ziwani kwetu, tumezisoma vibaya kwa kuzidhania kuwa habari za ugonjwa wa moyo wa kijana. Zisomwe kwa vitenzi hivyo viwili, zitaonekana ni daftari la amana: nani aliweka nini, kwa nani, akiahidi nini, na kisu kilitoka wapi.

Tuanze mbali, Japani, kwa sababu huko daftari limechorwa. Kati ya mwaka 2007 na 2013 mchoraji Inio Asano alikuwa akitoa jaridani katuni ndefu iitwayo Oyasumi Punpun, yaani usiku mwema, Punpun, ambayo hatimaye ilijaza vitabu 13. Watu wote ndani yake wamechorwa kwa uangalifu wa picha ya pasipoti: mikunjo ya uso, nyaya za umeme, vumbi la dirishani. Ila Punpun, pamoja na ndugu zake wa damu, ni kidege cha mistari michache, kama kitu kilichochorwa na mtoto nyuma ya daftari la hesabu. Anapoanza ni mwanafunzi wa shule ya msingi anayetaka kusomea nyota. Baba anampiga mama na kuondoka. Msichana anayempenda, Aiko, anataka amwahidi kwamba watakwenda pamoja Kagoshima, kusini kabisa mwa nchi, mbali na mama yake aliyezama katika dhehebu. Punpun anaahidi, kisha anashindwa kwenda. Kuanzia hapo vitabu vyote vinavyofuata ni riba ya ahadi hiyo moja. Kidege kinabadilika umbo kadiri miaka inavyokwenda, kwa muda kinakuwa piramidi isiyo na uso, na safari ya Kagoshima inapofanyika mwishowe, wanaifanya wakiwa watu wazima wawili wanaokimbia maiti.

Wengi humwona Punpun kama kijana dhaifu aliyeelemewa na hisia. Mimi naona kwanza mwaka wa kuzaliwa kwa mchoraji: 1980. Watoto wa rika lake waliahidiwa kwamba ukisoma kwa bidii kampuni itakuajiri hadi uzeeni, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 uchumi wa Japani uliporomoka, na waliomaliza shule baada ya hapo wakakuta milango ya ajira imeganda. Baba zao walikuwa wameweka akiba katika benki iliyokwisha kufilisika. Asano hataji hayo kwa takwimu. Anachora vyumba vidogo vya kupanga, kazi za muda, na watu wazima ambao kila mmoja ana nasaha na hakuna aliye na jibu. Hata Mungu anamtokea Punpun akiwa na uso wa mwanamume mwenye nywele za afro, akitoa maneno yasiyosaidia kitu.

Sasa turudi ziwani. Kutoka Bunda ukifuata barabara ya Kisorya utafika mahali nchi kavu inapokwisha, na ng'ambo ya mlangobahari mwembamba wa ziwa ipo Rugezi, upande wa kisiwa cha Ukerewe. Kivuko hubeba magunia, mabaiskeli, maharusi na majeneza. Wajita wapo pande zote mbili, na msiba wa upande mmoja huliwa wali wake na wa upande wa pili. Kijiji cha Namagondo, ambako Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944, kimo katika kisiwa hicho. Serikali imekiweka mkoa wa Mwanza, lakini msomaji wa Musoma au Butiama anayefungua riwaya ya Kezilahabi, Rosa Mistika, ya mwaka 1971 hahitaji kamusi ya mazingira. Mihogo ni ileile, misheni ni ileile, na baba anayetisha nyumba nzima kwa kukohoa tu anafahamika pia.

Rosa ni binti mkubwa wa Zakaria, mwalimu wa zamani aliyegeuka mlevi. Kosa lake la kwanza ni barua ya mvulana, na kipigo anachopata kwa barua hiyo kinamfundisha kitu kimoja tu, kwamba mwili wake ni mali inayolindwa na mtu mwingine. Anafaulu, anakwenda sekondari, kisha chuo cha ualimu Morogoro, na huko, mlinzi akiwa mbali, mali haina tena mwenyewe. Wasomaji wa mwanzo waliona uasherati, na kitabu kilipigwa marufuku mashuleni kwa muda kabla ya kuja kukubaliwa. Walikosa kutazama hesabu. Familia iliweka kwa Rosa matumaini ya aina mbili yasiyoweza kukaa katika mtu mmoja: awe msomi atakayewainua, na awe binti asiyeguswa na dunia ambayo usomi wenyewe unamtumbukiza. Mchumba aliyekuwa akimngoja anapogundua kwamba hakubaki bikira, amana ya pili inafutwa na ya kwanza haina thamani tena machoni pa mtu yeyote, hata pake. Anajiua. Na Kezilahabi hakuishia kaburini: baba na binti wanakutana mbele ya Mungu na kulaumiana. Mwandishi aliyetaka kuonyesha udhaifu wa msichana asingehitaji mahakama. Aliihitaji kwa sababu kulikuwa na mdai na mdaiwa, na haikuwa wazi nani ni nani.

Kichwamaji, iliyotoka mwaka 1974, ni kali zaidi kwa sababu mhusika wake anajua kusoma hesabu hiyo mwenyewe. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, yuko ofisini akisubiri kumwona mkuu wa wilaya ili apate kazi ya muda wa likizo. Mkuu huyo, Manase, alisoma naye. Vijana wawili wa kisiwa kimoja, mmoja ndani ya mlango na mwingine kwenye benchi: sijui taswira fupi kuliko hiyo ya jinsi elimu ilivyogawa rika la watu. Nyumbani Kazimoto anakuta Manase amempa mimba dada yake, Rukia. Rukia anakufa, mama naye anamfuata. Kazimoto anapanga kulipiza kisasi kupitia Sabina, dada wa Manase, kisha anajikuta anampenda na kumwoa. Lakini maradhi ambayo yeye na Manase waliyapata kwa mwanamke mmoja mjini yanarudi kupitia watoto, wenye vichwa vikubwa. Jina la kitabu linauma pande mbili. Kichwamaji ni mtu aliyeharibikiwa akili, na pia ni mtoto wa namna hiyo. Kizazi kilichopelekwa mjini kuleta mwanga kilileta ugonjwa, na hakikuukusudia. Kazimoto anajaribu kuzungumza na wazazi wake na haoni sentensi ya kuanzia. Sentensi zote alizonazo alipewa na shule, na shule haikumfundisha hata moja ya kutumia jikoni kwa mama.

Zamani, katika sehemu kubwa ya mkoa wa Mara, utu uzima ulikuwa kitu unachopewa na watu siku fulani, hadharani. Wakurya waliwatahiri vijana wao kwa rika, na waliotahiriwa pamoja walikuwa na jina moja maisha yao yote. Wazanaki walichonga meno. Sizisifu desturi hizo kwa ujumla wake, na kuna zilizowatesa wasichana na bado zinawatesa. Nasema tu kwamba zilikuwa na sifa moja: hakuna kijana aliyefeli akabaki mtoto. Shule ilileta utu uzima wa karatasi, ambao wengi hufeli. Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama mwaka 1922, alipata yote mawili. Meno yake yalichongwa kwa mila ya Kizanaki, na mwaka 1934 akaingia shule ya Mwisenge, Musoma. Mwili wake ulibeba vyeti viwili. Waliomfuata kwa sehemu kubwa walibeba kimoja, na cheti hicho kilikuwa na masharti yaliyoandikwa nyuma kwa herufi ndogo.

Masharti hayo yalisomwa kwa sauti mara mbili, na tarehe zake zinafaa kuwekwa kando ya vitabu vya Kezilahabi. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa vyuo waliandamana Dar es Salaam kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu kubwa ya mshahara katika kipindi hicho. Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na akawarudisha makwao karibu wanafunzi 400. Kezilahabi aliingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1967, madawati yakiwa bado na joto la waliofukuzwa. Miaka saba baadaye, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya chama cha TANU ilikutana Musoma na kutoa lile tunaloliita Azimio la Musoma. Ilitaka kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo Novemba 1977, na ikafuta utaratibu wa kutoka kidato cha sita moja kwa moja hadi chuo kikuu: kwanza jeshi, kisha kazi, kisha upate mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Kwa hiyo mwaka uleule Kazimoto alipochapishwa huko Nairobi, mji wa ng'ambo ya ziwa kutoka kwao ulikuwa unajadili tatizo lake. Chama na mtunzi waliona jambo moja, kijana aliyesoma ambaye hawezi tena kukaa na waliomsomesha. Chama kilidhani dawa ni kumrudisha kwa amri. Riwaya ilikuwa imeshaonyesha nini kinatokea anaporudi.

Mwaka 1975 Kezilahabi alitoa Dunia Uwanja wa Fujo na kumwita mhusika wake mkuu Tumaini. Mtunzi mwingine angeona aibu kuwa wazi kiasi hicho. Tumaini anazurura, anastarehe, hatimaye anatulia na kuwa mkulima tajiri, kisha siasa ya Ujamaa inapokuja kuchukua mashamba yake anaua kiongozi wa serikali na kuhukumiwa kunyongwa. Msomaji wa wakati ule hakuweza kusoma hayo bila kukumbuka Krismasi ya mwaka 1971, pale Said Mwamwindi, mkulima wa Iringa, alipompiga risasi mkuu wa mkoa, Dakta Wilbert Klerruu, na baadaye akanyongwa. Tumaini ananifaa katika hoja hii kwa sababu hakukata tamaa hata kidogo. Tamaa yake ilikuwa nzima kabisa, ya kumiliki na ya kuishi. Iliyoikata ni dola, iliyokuwa imeweka kwa watu matumaini ya namna nyingine na haikuwa na nafasi ya kuweka mawili katika shamba moja.

Pingamizi la kwanza dhidi ya usomaji huu ni la zamani na lina heshima yake: kwamba giza hili ni la kuazima. Kezilahabi alisoma seminari ya Nyegezi, akasoma falsafa ya Wafaransa waliosema maisha hayana maana, akaja kumvisha mvuvi wa Ukerewe huzuni ya Paris. Kwamba aliwasoma hakuna shaka, na kurasa fulani za Kichwamaji zina harufu ya mhadhara. Hapo kwa kweli kitabu kinalegea. Ila kuazima miwani si kuazima kinachoonekana. Benchi la nje ya ofisi ya Manase halikutoka Paris. Maradhi ya mjini yanayorudi kijijini na mwenye cheo hayakutoka Paris. Na kama huzuni hii ingekuwa ya kuazima, tungetegemea imkae msomaji kama koti la mtu mwingine, ilhali vitabu hivi vimesomwa na kusomwa tena mashuleni kwa miaka mingi na wanafunzi ambao hawajawahi kusikia jina la mwanafalsafa hata mmoja, na wanajua hasa vinasema nini. Kuna pia upande wa pili wa jambo hili: kijana wa Kitaji, Musoma, anayesoma katuni ya Asano kwenye simu leo hasomi habari za Tokyo. Katuni zetu wenyewe zilimfundisha kucheka. Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, Ndumilakuwili na Lodilofa wa jarida la Sani, wote ni mabingwa wa vioja, na Madenge mtoto mtundu amebaki mtoto mtundu miaka yote hiyo. Hakuna aliyeruhusiwa kukua. Kijana akitaka kuona mchoro wa mtu anayekua na kuumia, inabidi aende Japani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: vitabu vya namna hii vinaua. Hofu hiyo ina historia. Goethe alipotoa riwaya ya Werther mwaka 1774, mji wa Leipzig uliipiga marufuku mwaka uliofuata kwa kuhofia kwamba vijana wataiga kifo cha mhusika. Mwaka 1974, mwaka wa Kichwamaji kwa sadfa, mwanasosholojia wa Marekani David Phillips alionyesha kwamba vifo vya kujiua huongezeka baada ya magazeti kutangaza kifo kama hicho ukurasa wa mbele, na akaliita jambo hilo kwa jina la Werther. Ni ushahidi usiopaswa kudharauliwa, na mwandishi au mhariri anayeeleza namna mtu alivyojiua hatua kwa hatua anastahili lawama. Lakini Phillips alipima habari za gazeti, zinazosema fulani kafa na hapo ndipo zinapokwisha. Mwaka 2010 watafiti wa Austria, wakiongozwa na Thomas Niederkrotenthaler, walikuta kinyume chake pia: habari za mtu aliyefikia ukingoni kisha akapata njia ya kuendelea kuishi ziliambatana na kupungua kwa vifo. Kumbe swali linalofaa kuulizwa kitabu halihusu kiasi cha giza kilichomo. Linahusu kama msomaji anaonyeshwa mkono ulioshika kisu, na kama anaonyeshwa kesho yake.

Hapo ndipo ninapomlaumu Kezilahabi, kwa lawama tofauti na ile ya waliopiga marufuku. Rosa anakufa, Kazimoto anakufa, Tumaini ananyongwa. Kila mara mdaiwa anakufa na deni linazikwa naye. Zakaria angalau anaburutwa mbele ya Mungu. Kijiji kilichomtuma Kazimoto kinapata kumlilia tu, na kulia ni rahisi kuliko kujibu. Asano alichagua njia ngumu zaidi. Aiko anakufa, Punpun anajaribu kumfuata, na hadithi inamkatalia. Anabaki hai, jicho moja likiwa limepotea, na katika kurasa za mwisho mtu aliyesoma naye utotoni anamwona mtaani akiwa katikati ya marafiki, mtu wa kawaida kabisa, na hajui lolote la yaliyompata. Wapo wanaouona mwisho huo kuwa ukatili kuliko kifo. Huenda ni kweli. Lakini ni mwisho ambao deni bado liko hai na mtu wa kulizungumza yupo.

Mtu anaweza kusema haya yote yamepitwa na wakati. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali ilifutwa mwaka 2016, na Butiama imepewa chuo kikuu chenye jina la mwanawe mashuhuri, Nyerere. Ni kweli kwamba mlango umepanuliwa. Benchi nalo limerefuka. Mhitimu wa leo wa Bunda hamkuti Manase mmoja ndani ya ofisi. Anakuta mfumo wa maombi ya kazi kwenye intaneti usio na uso wa mtu aliyesoma naye, huku kiwanda cha nguo cha MUTEX, ambacho kingeweza kumwajiri mama yake, kiliwahi kusimamisha mashine zake kwa miaka mingi. Anarudi kwenye dagaa, au kwenye mashimo ya dhahabu ya Buhemba, na nyumbani wanamwita "msomi wetu" kwa sauti ambayo kila mwezi inabadilika kidogo. Azimio la Musoma lilimtaka afanye kazi kwanza ndipo asome. Sasa amesoma kwanza, na kazi haijaja.

Kuna mtu mmoja ambaye wahakiki wa Kichwamaji wamempita haraka. Sabina aliolewa na mtu aliyemwendea kwanza kama chombo cha kisasi, akabeba mimba, akamzaa mtoto asiyeishi, na akabaki. Hakuwa ameahidi mtu chochote. Hakuna aliyekuwa ameweka kwake matumaini ya kuinua ukoo, kwa hiyo hakuna aliyekuja kuyadai. Ni kijana bado kitabu kinapokwisha. Ana kaka mwenye cheo na mwenye mtoto mgonjwa, ana kaburi la mume, na ana kisiwa kizima kinachojua habari zake. Kezilahabi aliandika riwaya nyingine baada ya hiyo, akafundisha Dar es Salaam na Botswana, akafariki Januari 2020, na hakumrudia. Asubuhi baada ya matanga Sabina angeweza kushuka Rugezi na kupanda kivuko cha kwanza kuja Kisorya, na hakuna hata ukurasa mmoja wa Kiswahili unaotuambia alimkuta nani upande huu.